Mwanafunzi wa Uuguzi Aliyejifungua Arudishiwe Nafasi Yake

Katika mashamba ya chai ya Toro na Bushenyi, na katika mashamba ya miwa ya Kakira, Lugazi na Kinyara, wako wenzetu wanaosomesha binti zao uuguzi na ukunga. Ada hiyo haianguki kutoka mbinguni. Inatoka katika kilo za majani zinazopimwa jioni, na katika mistari ya miwa inayokatwa juani. Mzazi huuza mbuzi, hukopa katika chama cha akiba, huomba kazi ya ziada siku ya mapumziko. Anavumilia kwa sababu anajua kwamba mafunzo ya cheti ni miaka 2 na nusu, na yakiisha nyumba itapumua.

Kwa hiyo linapotokea jambo la kumkatisha binti huyu masomo, hilo si jambo la mkuu wa chuo na metroni peke yao. Ni jambo la jasho letu. Chama cha wafanyakazi kina haki ya kulisemea, na leo nalisemea.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanafunzi wa uuguzi anapata mimba. Pengine ameolewa, pengine hajaolewa. Chuo kikigundua, anaambiwa afungashe vitu vyake atoke hosteli. Hapewi barua ya kusema atarudi lini. Ada ya muhula imekwenda. Akirudi baada ya kujifungua anaambiwa nafasi yake imejazwa, au aanze mwaka upya na alipe upya. Mzazi aliyekwisha kuuza mbuzi hana kingine cha kuuza. Masomo yanaishia hapo.

Si vyuo vyote vinavyofanya hivi. Wako wakuu wenye utu wanaompa mwanafunzi ruhusa na kumpokea tena. Lakini haki haiwezi kutegemea utu wa mtu mmoja, kwa maana akihamishwa, haki nayo inahama. Mwishoni mwa mwaka 2022 chuo kikuu kimoja cha magharibi ya Uganda kilitoa waraka wa kuwazuia wanafunzi wajawazito wa uuguzi na ukunga kufanya mitihani yao. Watu walipiga kelele, waraka ukaondolewa. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mawazo yaliyouandika waraka ule hayajaondoka. Yapo, yanangoja siku tutakaponyamaza.

Sasa tujiulize: mwanafunzi wa uuguzi ni nani? Ni mwanafunzi tu, kama yule anayekaa darasani na daftari? Mtu aliyewahi kulazwa hospitali anajua jibu. Usiku wa manane, ni nani anayekuja kupima homa? Ni nani anayebadilisha shuka, anayemwinua mgonjwa, anayesafisha kidonda? Mara nyingi ni mwanafunzi. Anaingia zamu ya asubuhi, anaingia zamu ya jioni, anaingia zamu ya usiku. Anafanya kazi, na badala ya kulipwa, analipa yeye.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lililiona jambo hili zamani. Mwaka 1977 lilipitisha Mkataba namba 149 juu ya wauguzi, na pamoja nao Pendekezo namba 157. Pendekezo hilo linasema kwamba wanafunzi wa uuguzi wawe na haki na uhuru sawa na wanafunzi wa masomo mengine, wasipunguziwe ila pale mafunzo yenyewe yanapolazimu. Linasema pia kwamba mazoezi yao ya wodini yasitumiwe kamwe kuziba upungufu wa wafanyakazi. Na linasema walindwe afya zao sawasawa na wauguzi walioajiriwa. Pendekezo si sheria, lakini ni kauli ya wafanyakazi, waajiri na serikali walioketi pamoja. Tunaweza kuishika mkononi tunapokwenda kuzungumza.

Tazameni sasa pengo lilipo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na wiki 4 kati ya hizo lazima ziwe baada ya kujifungua. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, hizo ni wiki 10. Likizo ikiisha ana haki ya kurudi katika kazi yake, au kazi nyingine inayomfaa isiyo na masharti mabaya kuliko ya kwanza. Sheria hiyohiyo inamhesabu mwanagenzi mwenye mkataba kuwa mfanyakazi. Maana yake, msichana anayejifunza ufundi kiwandani kwa mkataba wa uanagenzi analindwa. Lakini mwanafunzi wa uuguzi anayekesha wodini hana mkataba huo. Ana risiti ya ada tu. Kazi anayo, ulinzi hana.

Hata binti wa shule ameandikiwa njia. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ya Uganda ilitoa mwongozo kwamba msichana wa shule mwenye mimba apewe likizo, na arudi shuleni mtoto akitimiza miezi 6. Mwongozo ule una kasoro, kwa kuwa unamlazimisha kuondoka mimba ikiwa ya miezi 3, lakini angalau kuna maandishi yanayosema atarudi. Jirani zetu wa Kenya waliweka utaratibu wa kurudi shuleni tangu mwaka 1994. Tanzania waliwafungia mlango wasichana hao kwa miaka mingi, na Novemba 2021 serikali yao ikaufungua. Itakuwa ajabu kama mtoto wa sekondari atapokewa na mama mzima anayesomea kuzalisha wenzake atafukuzwa.

Najua majibu ya wale wasiotaka. Nimeyasikia mara nyingi, na yanastahili kujibiwa moja moja.

Wanasema kwanza: ni suala la nidhamu. Muuguzi lazima awe mfano mwema. Mimi nauliza, mimba ya mwanamke aliyeolewa ni utovu gani wa nidhamu? Na kwa yule ambaye hajaolewa, mwenziwe yuko wapi? Kama ni mwanafunzi wa chuo hichohicho, yeye anaendelea na masomo, anafanya mtihani, anavishwa joho. Nidhamu inayomwadhibu mmoja kati ya wawili siyo nidhamu. Na kama aliyempa mimba ni mwalimu au mkubwa wa wodi aliyetumia cheo chake, basi huyo ndiye wa kufikishwa mbele ya sheria. Kumfukuza msichana katika hali hiyo ni kumsaidia mkosaji kuficha ushahidi.

Wanasema pili: wodini kuna hatari kwa mimba. Hili ni kweli. Kuna kuinua wagonjwa wazito, kuna chumba cha picha za eksirei, kuna wodi ya kifua kikuu, kuna dawa kali za saratani. Lakini hatari hizohizo zinamkabili muuguzi aliyeajiriwa, naye hafukuzwi kazi. Anapangiwa wodi nyingine. Huku kwetu mama mjamzito akiondolewa katika kupuliza dawa ya magugu na kupewa kazi nyepesi, tunasema nyapara ametenda haki. Kwa nini metroni ashindwe kufanya analofanya nyapara?

Wanasema tatu: atakosa masomo, na muuguzi nusu ni hatari kwa mgonjwa. Hili nalo ni kweli, na sisi ndio wagonjwa wenyewe, kwa hiyo hatutaki cheti cha bure. Lakini tufanye hesabu. Miaka 2 na nusu ni miezi 30. Akikosa miezi 3, amekosa sehemu 1 katika 10. Basi na azifidie saa alizokosa wodini, na mtihani alioukosa aufanye unapokuja tena. Fundi aliyeugua akiwa amebakiza tofali 1 katika 10 habomoi ukuta kuanza msingi. Anamalizia palipobaki.

Wanasema nne: mkimruhusu huyu, wengine watamwiga. Ndugu zangu, hakuna mtu anayebeba mimba miezi 9, akajifungua kwa uchungu, akakesha na mtoto anayelia na kitabu cha mifupa ya mwili mkononi, kwa sababu ya kuiga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kuna hasara nyingine kubwa kuliko ada. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa duniani kwa sababu ya ujauzito au kujifungua, na karibu 70 katika kila 100 walikuwa wa Afrika kusini ya Sahara. Hao ni akina mama kama wa laini zetu, wanaoshikwa na uchungu usiku mbali na mkunga. Wengi kati yao wangepona kama angekuwapo mtu aliyefunzwa. Basi ni akili gani kumfundisha mtu miaka 2 jinsi ya kumwokoa mama, kisha kumtupa nje siku anapokuwa mama?

Kwa hiyo nasema chama chetu kiungane na chama cha wauguzi, kwenda mbele ya wizara na wakuu wa vyuo, na madai haya:

1. Kila chuo cha uuguzi na ukunga kiwe na kanuni iliyoandikwa juu ya uzazi, na mwanafunzi aisome siku ya kuandikishwa, si siku ya kufukuzwa.

2. Likizo ya uzazi isipungue ile ya mfanyakazi. Mkataba namba 183 wa ILO wa mwaka 2000 unataja wiki 14. Hilo liwe lengo letu kwa mwanafunzi na kwa mfanyakazi pia.

3. Nafasi yake itunzwe. Arudi alipofikia, afidie saa za wodini alizokosa, wala asirudishwe mwaka mzima. Ada aliyokwisha kulipa ihesabiwe.

4. Akiwa mjamzito asipangwe chumba cha eksirei wala kazi ya kuinua vizito, na zamu za usiku zipunguzwe. Akirudi apewe nafasi ya kunyonyesha. Hospitali inayowafundisha akina mama kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6 haiwezi kumkataza mwanafunzi wake kufanya hivyo.

5. Asizuiwe kufanya mtihani kwa sababu ya mimba.

Hayo ni ya wakubwa. Lakini yako na yetu sisi wenyewe, ambayo hayangoji wizara.

Katika mashamba makubwa yenye zahanati, wako waajiri wanaolipia masomo ya watoto wa wafanyakazi. Katibu wa tawi atakapoketi tena kwenye meza ya mapatano ya pamoja, adai kiongezwe kifungu kimoja: ufadhili usikatwe kwa sababu ya uzazi, bali usimamishwe wakati wa likizo na uendelee mwanafunzi akirudi. Kifungu hicho hakimgharimu mwajiri fedha ya ziada. Kinamhifadhia fedha aliyokwisha kutoa.

Mzazi ambaye binti yake amepatwa na jambo hili asikubali aondoke chuoni mikono mitupu. Kabla hajatoka lango, adai karatasi tatu: barua ya ruhusa yenye tarehe ya kurudi, maandishi yanayoonyesha masomo aliyomaliza na saa alizofanya wodini, na risiti zote za ada. Kitabu cha kumbukumbu za mazoezi kikae naye, kisiachwe kabatini chuoni. Neno la mdomo husahaulika, karatasi husema. Akinyimwa, aje ofisi ya tawi. Tutamwandikia barua mkuu wa chuo kama tunavyomwandikia meneja.

Na kuna neno gumu ambalo lazima lisemwe. Wakati mwingine anayefunga mlango si chuo, ni baba. Chuo kiko tayari kumpokea, lakini mzazi amekasirika, anasema fedha yangu imepotea, sitatoa tena hata senti moja. Hasira hiyo naielewa. Lakini fedha haijapotea bado. Itapotea siku utakapokataa kumalizia. Mjukuu akae na bibi, mama arudi darasani. Wanawake wa laini walishalea watoto wa wenzao wakati wa kuchuma chai tangu zamani, na huyu naye atalelewa.

Ndugu wafanyakazi, haki ya mama kujifungua bila kupoteza kazi yake haikuletwa na mwajiri mwema. Ilidaiwa na wafanyakazi, na mkataba wa kwanza wa ILO juu yake ulipitishwa mwaka 1919, mwaka uleule shirika hilo lilipoanzishwa. Zaidi ya miaka 100 imepita, na binti anayefanya kazi wodini bila mshahara bado yuko nje ya ua. Tumwingize ndani. Matawi yalizungumze jambo hili katika mikutano ijayo, na kila tawi lituletee idadi ya wanachama wenye watoto katika vyuo vya uuguzi, tujue tunasema kwa niaba ya wangapi.

Umoja ni nguvu.