MALI YA KURITHI, MALI YA JASHO: NI IPI YA KUHESHIMIWA?

Masikini akipata, matako hulia mbwata. Methali hii hupendwa sana na waliozaliwa nacho. Hapa Kisumu hutupiwa mama samaki aliyejenga nyumba ya mawe, na utingo wa jana aliye na matatu yake leo. Husemwa kwamba hawana ustaarabu wa mali. Mrithi wa jumba la Milimani huitwa mtu wa heshima, ingawa hajapata kutoka jasho. Sisi tunaukataa mpango huo wa heshima.

Wananchi, ukongwe huu ni wa lini? Enzi za ukoloni Milimani ilikuwa makao ya Wazungu, na Mwafrika alitengewa Kaloleni. Utajiri wa Waafrika tunaouita wa kale ulianza juzi tu, na ulianza kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya jasho. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianzisha Luo Thrift and Trading Corporation kwa hisa za watu wa kawaida. Nao walikuwa wageni katika mali.

Njia ya pili ilipitia ofisini. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa ilipendekeza watumishi wa serikali waruhusiwe kufanya biashara, na serikali ikakubali. Mtoa leseni akawa ndiye mwomba leseni. Mgawa viwanja akawa mgawiwa. Mwaka 1982 kodi ya mirathi ikafutwa, na kilichochumwa ofisini kikawashukia watoto bila kutozwa kodi hiyo hata senti. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilifichua jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria nchini kote. Wajukuu wa ugawaji huo ndio wanaotufundisha adabu ya mali!

Mtazameni sasa anayechekwa. Viwanda vya minofu vilivyoenea ziwani tangu miaka ya 1980 vilipeleka nyama ya mbuta Ulaya, vikatuachia mifupa. Wanawake wa Obunga waliinunua, wakaikaanga, wakaiuza kwa jina la mgongo wazi. Anayesomesha watoto kwa mifupa iliyokataliwa ana la kuonea haya?

Tutaambiwa kwamba hata matajiri wapya wamo wezi. Wamo, tena wengi, na zabuni za kaunti hazikuwapunguza. Ndiyo maana hatusemi kila mali mpya ni safi na kila mali kongwe ni chafu. Twasema kipimo ni asili ya mali, si umri wake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 40(6), yatamka kwamba haki ya kumiliki haihusu mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Haikuongeza maneno "isipokuwa iliyorithiwa." Baba hawezi kumrithisha mwanawe haki ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Historia ya kila kiwanja kilichokuwa cha umma iwekwe wazi. Kodi ya mirathi irudishwe kwa urithi mkubwa, si kwa shamba la mjane. Na katika harambee zetu, kabla ya kumpa mtu kiti cha mbele, tumuulize alipataje.

Mali ya wizi haigeuki halali kwa kuzeeka.