Mafuta ya Jikoni Yasiachiwe Mifereji



Naomba nafasi nilalamikie jambo ambalo huku kwetu Maniema, Kongo, kuanzia Kasongo hadi Kabambare, limezoeleka mpaka halisemwi tena. Maji ya kuoshea vyombo ya restora, hoteli na sali za karamu humwagwa nje pamoja na mafuta yake yote. Mwenye jiko hudaiwa patanti, yaani leseni ya biashara, na kodi, lakini haulizwi maji yake machafu yanakwenda wapi. Nasema ni kosa kumpa mtu ruhusa ya kupikia umma kabla hajaonyesha shimo la kunasia mafuta, lile ambalo mafundi wetu huliita kwa Kifaransa bac à graisse. Na ni kosa kubwa zaidi kuridhika na shimo lililojengwa halafu lisisafishwe.

Mawese yana tabia mbili. Juu ya moto hutiririka kama maji. Yakipoa chini ya digrii 35 hivi huanza kuganda, ndiyo maana asubuhi ya baridi chupa huwekwa juani kwanza ndipo imiminike. Tabia hiyo haiachwi jikoni. Mafuta yaliyotoka kwenye sufuria ya samaki au ya sombe yakifika mferejini hushika ukuta, hunasa mchanga, maganda na mifuko ya plastiki, kisha huwa kizibo kigumu. Wapo wanaosema maji ya moto na Omo hutosha. Hayatoshi. Sabuni huyavunja mafuta yawe vipande vidogo na maji ya moto huyasukuma. Mbele kidogo, mbele ya nyumba ya jirani, yanapoa na kuganda upya.

Pingamizi linalosikika sana ni kwamba haya ni mambo ya Ulaya: Kasongo haina mabomba makubwa ya maji taka chini ya ardhi, basi kitazibwa nini? Ni kweli London mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, kulikutwa bonge la mafuta na takataka lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na kuliondoa kulichukua wiki kadhaa. Lakini London ina mabomba, na ina watu wanaolipwa kuteremka humo. Sisi tuna pwisari, yaani shimo la kunyweshea ardhi maji machafu, na mfereji, ama wa saruji ama uliochimbwa kwa jembe. Pwisari hufanya kazi kwa sababu udongo hunywa maji. Mafuta yakiupaka udongo, vitundu vyake vinaziba na haunywi tena. Maji yanapanda, yanafurika, yanaingia njiani, na mvua ikinyesha yanachanganyika na ya vyoo na kuteremkia kwenye chemchemi. Asiye na bomba la maji taka ndiye anayehitaji kuzuia mafuta mlangoni. Hapa tuseme ukweli pia: mafuta yenyewe hayaleti kipindupindu, na mbu wa malaria hapendi sana maji machafu kiasi hicho. Anayeyapenda ni Culex, yule anayetunyima usingizi. Hatari ya kuhara iko katika maji yaliyokosa njia. Hoja ina nguvu ya kutosha bila kutiwa chumvi.

Shimo lenyewe la kunasia mafuta si kitendawili. Ni sanduku la matofali na saruji lenye vyumba viwili au vitatu. Maji huingia, hutulia kama nusu saa, mafuta huelea, makombo huzama, na maji ya katikati hutoka kupitia bomba ambalo mdomo wake uko chini ya utando wa mafuta. Marekani lilipewa hataza mwaka 1884, na tangu hapo kanuni yake haijabadilika. Linaloharibika ni nidhamu. Tope na mafuta vikifika robo ya kina, maji hayapati muda wa kutulia na mafuta yanapita kama vile shimo halipo. Kijiti kilichotiwa alama kinatosha kupima. Jiko linalokaanga kila siku huenda likahitaji kuchotwa kila wiki. La sali ya karamu, baada ya kila arusi kubwa. Kifuniko kiwe chepesi cha kutosha kunyanyuliwa, maana kizito mno hakifunguliwi kamwe. Anayechota avae glavu, aache shimo wazi kwa muda kabla ya kuinama, na asiingie ndani hata kidogo: hewa yenye harufu ya yai bovu inayotoka humo imeua watu katika mashimo ya maji taka sehemu nyingi za dunia.

Mtu atauliza, na mama anayekaanga mandazi kando ya njia naye ajenge shimo? Hapana. Yeye apanguse karai kwa majivu au karatasi kabla ya kuliosha, na mafuta yaliyochoka ayatie dumuni, kwa kuwa mafuta ambayo hayajaguswa na maji ya uchafu hufaa kutengenezea sabuni, kazi ambayo watu wa Maniema wanaijua vizuri. Kanuni iwabane wenye meza, wafanyakazi na vyumba vya kulala wageni, pamoja na wale waliofuata dhahabu ya Namoya wakafungua majiko Salamabila. Hao hawawezi kusema saruji ni ghali wakati wana jenereta. Yaliyochotwa shimoni yachanganywe na majivu au unga wa mbao, yazikwe mbali na visima. Yasirudi sokoni: China mwaka 2011 polisi walilazimika kukamata watu waliosafisha mafuta ya mitaroni na kuyauza upya kwa kupikia.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na wajibu wa kuyalinda. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 inasema anayechafua ndiye anayelipa. Sasa hivi anayelipa ni mkaaji anayeitwa kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, kuchota kwa koleo tope la jiko ambalo hakula humo, na tope hilo huachwa ukingoni mwa mfereji mpaka mvua ilirudishe. Inauma zaidi jambo hili likitokea Kasongo, mji ambao tangu 1971, kwa mradi ulioshirikiana na Chuo cha Tiba za Tropiki cha Antwerp, ulikuwa mfano wa vituo vya afya vya karibu na watu, miaka saba kabla ya mkutano wa Alma-Ata kuhusu afya ya msingi.

Nawaomba wenye mamlaka ya usafi mijini na katika sekta: patanti ya mwaka ujao isitolewe kwa jiko lolote la umma kabla kifuniko hakijafunguliwa na kijiti hakijatumbukizwa mbele ya mkaguzi. Kiangazi ndicho wakati wa kuchimba. Mvua zitakaporudi Septemba, kila restora iwe imeshachimba.

Msomaji wako,
Kasongo