Benodebehari hakuhitaji kuonewa huruma

Mtaje Benodebehari Mukherjee mbele ya watu wanaofuatilia sanaa ya India, na jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba alikuwa kipofu. Si uongo. Lakini alipopofuka mwaka 1957 alikuwa amevuka miaka 50, na kazi alizokuwa ameshazimaliza zilitosha kumpa jina. Mimi ni mwalimu wa uchoraji, na hii sifa ya "kipofu aliyechora" inanikera. Wanafunzi wangu wakiisikia huguna kwa huruma, kisha hawaziangalii tena picha zenyewe.

Ukiziangalia utaona kwamba mtu huyu hakuwahi kutulia na nyenzo moja. Alizaliwa Bengal mwaka 1904, jicho moja halioni na la pili likiona vya karibu tu. Mwaka 1919 aliingia Kala Bhavana, shule ya sanaa ya Rabindranath Tagore huko Santiniketan, akanolewa na Nandalal Bose. Alipaka rangi za maji, akachonga mbao za kupigia chapa, akachora mandhari kwenye karatasi ndefu za kukunjwa. Mwaka 1937 akaenda Japani kuwaona wachoraji wa huko wakifanya kazi.

Kisha akahamia ukutani. Mwaka 1946 na 1947, katika jengo la Hindi Bhavana hapo hapo Santiniketan, alichora maisha ya watakatifu wa India ya zamani, akiwamo Kabir, na Surdas, mshairi anayesimuliwa kuwa kipofu. Rangi ilipakwa juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Aliyewahi kushika chokaa anajua: ikishakauka, rangi imeshanaswa humo na kosa halifutiki. Benodebehari hakuwa na mchoro kamili wa kunakili. Alikwenda kipande kwa kipande, na mtu aliyekuwa akiona vya karibu tu alilazimika kuubeba ukuta mzima kichwani.

Kwangu mimi, jibu la yote yaliyofuata liko kwenye ukuta huo. Upasuaji wa mtoto wa jicho uliposhindikana mwaka 1957 na giza likawa kamili, alirudi Santiniketan kufundisha historia ya sanaa, na mikono ikatafuta kazi nyingine. Alikata karatasi za rangi akazibandika, akafinyanga vijitu vya nta, akachora mistari kwa kalamu. Karatasi iliyokatwa ina ukingo, na ukingo unashikika. Mstari aliokuwa akiuona sasa aliupapasa. Mwaka 1972 alikamilisha picha ya ukutani ya vigae vya kauri kwa msaada wa watu wenye macho. Mwaka huo huo Satyajit Ray, aliyekuwa mwanafunzi wake, alimtengenezea filamu, The Inner Eye.

Wapo watakaosema namnyang'anya ushujaa wake. Hapana. Ninachokataa ni kuuita muujiza ustadi uliojengwa kwa karibu miaka 40 kabla ya janga. Angekuwa mtu wa rangi za maji peke yake, naamini upofu ungemmaliza. Aliokolewa na tabia ya kuuliza kila nyenzo inataka nini: maji yanataka wepesi, chokaa inataka uamuzi, karatasi inataka mkasi usiositasita.

Ndiyo maana siafiki tunavyowafundisha vijana wetu, penseli na rangi za maji mwaka hadi mwaka, kwa hoja kwamba ndivyo vinavyotahiniwa. Walimu wenzangu, wapeni pia udongo, mkasi, gundi na ukuta wa kuharibu. Atakayeharibu leo kuta mbili tatu atakuwa na pa kushika siku nyenzo aliyoizoea itakapomkatalia.