Tuzo ya Nyerere: Mshairi wa Balangdalalu apite mlango upi?

Kila inapokaribia Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, watunzi nchini hukaa mkao wa kusubiri: nani safari hii ataondoka na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu?

Tuzo hiyo, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023 ikiwa na nyanja 2: riwaya na ushairi. Mshindi wa kwanza alipata Sh10 milioni na nafasi ya mswada wake kuchapishwa. Kwa mtunzi aliyezoea kuambiwa kwamba mashairi hayauziki, hilo siyo jambo dogo.

Jina la tuzo nalo limekaa mahali pake. Wengi wanamkumbuka Mwalimu kwa siasa, lakini alikuwa mshairi. Alitafsiri tamthilia 2 za Shakespeare: Julius Caesar, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Baadaye akaziweka Injili katika tenzi.

Jambo moja husahaulika. Nyerere hakuwa mtu wa pwani. Alikuwa Mzanaki wa Butiama, na Kiswahili alijifunza. Mathias Mnyampala, aliyezipa ngonjera umaarufu nchini, naye alikuwa Mgogo wa Dodoma. Yaani bara imeshathibitisha kwamba vina na mizani siyo mali ya pwani peke yake.

Sasa njoo Balangdalalu, wilayani Hanang. Hapa watoto wengi wanakua na Kiiraqw au Kibarbaig nyumbani, lugha ambazo hata siyo za Kibantu. Kiswahili wanakikuta sokoni na shuleni. Lakini ushairi wanao tangu zamani. Wairaqw, kwa mfano, wana slufay: mzee anaghani maneno ya baraka na maombi, waliokusanyika wanaitikia. Hakuna karatasi, na bado ni ushairi uliokomaa.

Kinachokosekana ni njia ya kutoka kwenye kipaji hicho hadi kwenye tuzo. Kuandaa mswada wa diwani nzima ni kazi ya mtu mwenye muda, kompyuta na msomaji wa kumkosoa. Mwanafunzi mwenye shairi la beti 6 nyuma ya daftari hana pa kulipeleka.

Hapa hakuna anayeomba masharti yalegezwe. Tuzo ni ya Kiswahili, na ibaki hivyo. Kinachotakiwa ni ngazi za kupandia.

Mifano ipo. Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein ilikusanya mashairi ya washiriki wengi katika diwani moja iliyotoka mwaka 2017, hivyo mtu hakulazimika kuwa na kitabu chake ndipo asomwe.

Mfano mwingine uko shuleni kwenyewe. UMITASHUMTA na UMISSETA huanzia chini na kupanda hadi taifa. Mchezaji wa kijijini haambiwi aende moja kwa moja uwanja wa taifa. Anachujwa hatua kwa hatua, na kila hatua inamkomaza. Kwa nini shairi lisipande ngazi hizohizo? Fasihi simulizi tayari ipo kwenye somo la Kiswahili. Mwalimu anaweza kumtuma mwanafunzi akasikilize slufay kwa babu yake, kisha atunge shairi lake la Kiswahili kutokana na alichosikia.

Gharama yake ni ndogo: majaji wachache wa kata, karatasi, na vitabu kama zawadi.

Bila hivyo, tuzo itaendelea kuwapata wale ambao tayari wanaandika, huku wazee wa Hanang wakiondoka na maneno yao. Hapo Kiswahili nacho kitakuwa kimepoteza, kwa sababu lugha hii imekua kwa kupokea kutoka bara, kuanzia Ugogo hadi Butiama.