Wawili Njiani, Mtoto Nyumbani



Mwezi uliopita, baada ya kikao chetu cha akina mama kanisani, mwenzetu mmoja alinivuta kando hadi chini ya mwembe. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada muuguzi, tangu tupate watoto, mimi na baba yao hatujawahi kwenda popote pamoja isipokuwa msibani. Yeye ana safari zake, mimi nina jiko langu. Je, ni vibaya kutamani kutoka naye, hata siku mbili tu, tukawaacha watoto?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwahidi kwamba nitamjibu katika ukurasa huu. Jibu langu litazunguka mbali kidogo, kwani nataka kwanza niwasimulie habari za mume na mke waliopanda baiskeli hadi jangwani na kupanda milima ya theluji kwa miguu, zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mke aliitwa Fanny Bullock. Alizaliwa mwaka 1859 katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, na baba yake aliwahi kuwa gavana wa jimbo hilo. Aliolewa na daktari, William Hunter Workman, aliyemzidi umri kwa miaka kumi na miwili hivi. Walipata watoto wawili: Rachel, aliyezaliwa mwaka 1884, na mdogo wake wa kiume, Siegfried. Afya ya William ilipodhoofika aliacha kazi ya udaktari, na familia ikahamia Ujerumani. Huko Ulaya, mwaka 1893, Siegfried alifariki akiwa bado mtoto mdogo.

Ninyi mliowahi kuzika mtoto mnajua nyumba inavyokuwa baada ya matanga. Wapo wanandoa ambao msiba huwatenga, kila mmoja akalia upande wake wa kitanda. Hawa wawili, katika miaka iliyofuata, walipanda baiskeli zao wakatoka pamoja. Walivuka milima ya Atlas nchini Algeria hadi jangwa la Sahara, na kitabu chao juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1895. Kisha wakaizunguka Hispania, mwendo wa kilometa 4,500 hivi. Mwishoni mwa mwaka 1897 wakaanza safari kubwa zaidi ya Asia, ambako kwa miaka ipatayo miwili na nusu waliendesha kiasi cha kilometa 22,000, sehemu kubwa ikiwa India.

Msidhani walisafiri kifahari. Fanny aliendesha akiwa amevaa sketi ndefu na kofia ngumu ya jua. Walibeba chai, sukari, biskuti, jibini, nyama ya kopo, maji, mito ya kulalia, blanketi moja kwa kila mtu, karatasi za kuandikia, dawa, na vifaa vya kuziba pancha. Pancha zenyewe siku nyingine zilifika arobaini! Mama aliyewahi kupata pancha moja tu akielekea kliniki, mtoto akilia mgongoni, ataelewa kwamba watu wawili wanaoziba pancha arobaini kwa siku moja bila kuachana wana jambo la kutufundisha.

Katika kiangazi cha mwaka 1898 joto la India liliwazidi, wakaelekea kaskazini kwenye milima. Barabara ilipokwisha, waliziacha baiskeli wakaenda kwa miguu, wakivuka njia za milimani zilizo juu ya meta 5,000. Huko ndiko walikoipenda theluji. Tangu mwaka 1899 hadi 1912 walirudi mara kwa mara kupanda milima ya Himalaya na Karakoram na kuipima mito yake ya barafu. Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 47, Fanny alifika kwenye kilele kiitwacho Pinnacle Peak, chenye meta 6,930. Kilele cha Kibo ni meta 5,895. Basi ongezeni juu yake zaidi ya kilometa nzima. Hakuna mwanamke aliyevuka rekodi yake hadi mwaka 1934.

Niseme neno kama muuguzi. Ukifika kwenye meta 5,500 hivi, msukumo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani. Kichwa huuma, chakula hakipiti, usingizi hukimbia. Fanny na mumewe walipiga kambi juu ya meta 6,000, na usiku ulikuwa wa kukaa macho. Wenye vijana wanaokwenda kupanda Kilimanjaro wawaambie hivi: kichwa kikiuma na kutapika kukianza, usiendelee kupanda. Mwenzako akianza kuyumba kama mlevi, au akikosa pumzi hata akiwa amekaa, mshusheni mara moja, hata kama ni usiku. Kumwonea aibu kiongozi wa safari kumewahi kugharimu maisha ya watu.

Lakini kilichonigusa zaidi katika habari zao ni zamu. Mwaka mmoja Fanny ndiye aliyepanga safari: chakula, mahema, wapagazi na fedha, naye William akashughulikia vipimo na utafiti. Safari iliyofuata walibadilishana. Vitabu vyao waliviandika pamoja, majina yote mawili yakiwa juu ya jalada. Mwaka 1912 walipokwenda kuchunguza mto wa barafu wa Siachen, wenye urefu wa zaidi ya kilometa 70, Fanny ndiye aliyekuwa kiongozi, na mumewe, mzee wa miaka 65, alikuwa naye. Huko juu kabisa Fanny alipigwa picha akiwa ameshika gazeti lililodai wanawake wapewe haki ya kupiga kura. Je, akina baba wetu wangapi wako tayari kubadilishana zamu, hata ya kupanga matumizi ya mwezi mmoja tu?

Hata hivyo, tusiwafanye malaika. Maandishi yao yamejaa malalamiko juu ya wapagazi, watu maskini waliowabebea mizigo yote ile kwenye baridi kali. Mwaka huo wa 1912 mmoja wa wasaidizi wao kutoka Italia alitumbukia katika ufa wa barafu, Fanny akiwa karibu sana naye, akafa. Vilele vile vilikuwa na gharama, na si wao peke yao waliolipa.

Na Rachel je? Msichana huyu alikuwa na miaka kama tisa tu mdogo wake alipofariki. Wazazi walipokuwa njiani yeye aliachwa mikononi mwa yaya, na baadaye shuleni. Miaka miwili na nusu ya Asia ilikuwa ni miaka ya ujana wake, wakati ambapo binti humhitaji mama yake kwa maswali ambayo hawezi kumwuliza mtu mwingine.

Hapa siwezi kumnyoshea Fanny kidole. Nilipochaguliwa kwenda kusomea diploma ya uuguzi, binti yangu alikuwa na miaka miwili. Nilimwacha kwa bibi yake, nikaondoka alfajiri akiwa amelala ili asilie. Niliporudi likizo ya kwanza alijificha nyuma ya kanga ya bibi, akaniita shangazi. Diploma ile imetulisha na kuwasomesha wanangu, nami sijutii kwenda. Najutia kuondoka bila kumuaga.

Rachel alikua akawa mwanamke hodari. Alisomea elimu ya miamba, akaolewa mwaka 1911, akapata watoto watatu wa kiume. Mumewe alifariki mwaka 1922. Mwanawe wa kwanza alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, na wawili waliobaki waliuawa vitani wakirusha ndege mwaka 1941. Katika mwaka huo huo mama huyu alitoa pauni 25,000 zinunuliwe ndege nyingine ya kivita, ikapewa jina la familia yao. Watu husema ujasiri huo aliurithi kwa mama yake. Huenda ni kweli. Lakini akina mama, mtoto kuwa jasiri ukubwani si ushahidi kwamba hakulia udogoni.

Sasa nimjibu mwenzangu wa chini ya mwembe. La, si vibaya. Ndoa isiyotembea pamoja huota kutu kama mnyororo wa baiskeli usiopakwa mafuta. Nendeni, ila mzingatie haya:

1. Anayenyonya maziwa ya mama peke yake, yaani chini ya miezi sita, asiachwe, mwende naye.

2. Mwambie mtoto ukweli kabla ya kuondoka. Mtajie siku ya kurudi kwa namna anayoielewa, na siku hiyo urudi.

3. Kwa anayebaki naye, acha kadi ya kliniki, pakiti za chumvichumvi za kuharisha, nauli ya dharura, na jina la jirani wa kukimbilia usiku.

4. Safari iwe ndogo kwanza. Hata kuendesha baiskeli pamoja kwenda kumsalimu mkwe kijiji cha pili ni safari, mkizungumza njiani.

5. Pokezaneni. Safari hii apange baba, ijayo upange wewe, wala asicheke ukikosea njia.

Binti yangu sasa ni mkubwa. Jumamosi iliyopita mimi na baba yake tulikuwa tunajiandaa kwenda kumtembelea dada yangu, tulale huko. Binti akatusindikiza hadi barabarani, akashika keria ya baiskeli akauliza, "Mama, mnarudi lini?" Nikamwambia, "Kesho, kabla jua halijazama." Tulirudi saa kumi na moja jioni, naye alikuwa amekaa barazani akiangalia njia.

Hadi mwezi ujao, Mungu awalinde na nyumba zenu.