Tukirudishie Kikokotoo Jina Lake

Mtajie mwalimu aliyekaribia kustaafu hapa Bariadi neno kikokotoo, kisha mtazame usoni. Hatafikiria kile chombo chenye vitufe kinachotoshea kiganjani. Atafikiria mafao yake, nyumba aliyoiacha kwenye lenta na ada za wanawe. Kwa miaka kadhaa sasa jina la chombo limekuwa jina la huzuni. Mimi ni mpenzi wa vikokotoo, vya zamani na vya sasa, na nasema tumekitwika chombo hiki lawama isiyo yake. Kibaya zaidi, kwa kukilaumu tumewasahau wanaopaswa kuulizwa.

Jina lenyewe limeundwa kwa ustadi. Kitenzi ni kokotoa, yaani kufanya hesabu. Kimetanguliwa na ki- na kuishia na -o, kama ziba ilivyotupa kizibo na funika ikatupa kifuniko. Wako wasemao kikokotozi, na sokoni husikika zaidi kalkuleta. Sikio la mshairi husikia kokoto ndani ya kokotoa, na hapo pana sadfa tamu: kalkuleta lina asili ya neno la Kilatini calculus, lenye maana ya kijiwe, kwa kuwa watu wa kale walihesabia vijiwe. Mtoto wa darasa la kwanza kule Maswa au Meatu, anayepanga vijiwe na vifuniko vya soda ili ajue saba na tano ni ngapi, yumo ndani ya maneno yote mawili.

Chombo nacho kina historia ya kuheshimika. Curt Herzstark, mhandisi wa Austria, aliichora mashine yake ya Curta akiwa mfungwa wa Wanazi katika kambi ya Buchenwald. Baada ya vita ilitengenezwa Liechtenstein: silinda ndogo ya kushika mkononi, yenye mpini wa kuzungusha, isiyohitaji umeme wala betri. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa sokoni kichakataji chake cha 4004, ambacho awali kilibuniwa kwa ajili ya vikokotoo vya kampuni ya Busicom ya Japani. Basi simu tunazotembea nazo leo zina nasaba na kikokotoo. Nami nakipenda hata kile cha bei ndogo kinachotumia jua peke yake. Nikikiziba kidirisha chake kwa kidole gumba, tarakimu hufifia. Nikiondoa kidole, hurudi.

Ila mapenzi yangu hayakomei kwenye umbo. Mkoa wetu wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ni mkoa wa pamba. Msimu wa ununuzi ukifika, mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, na mzigo hupanda mizani. Sisi washairi tunalijua neno hilo kwa maana yetu: tunahesabu mizani nane kwa nane, na shairi lililopungua mizani tunalirudisha kwa mwenyewe alirekebishe. Mkulima naye ana haki ya ukali huo. Tuseme pamba yake ina uzito wa kilo 347, na kilo moja ni shilingi 1,150. Malipo yake ni shilingi 399,050. Karani akiandika 390,950, tarakimu mbili tu zimebadilishana nafasi, na jicho lililochoka halitaona kitu. Mkulima mwenye kikokotoo mfukoni ataziona shilingi 8,100 zilizopotea, na ataziomba kwa adabu. Hicho ndicho chombo tunachokiita mnyonyaji.

Sasa tuitazame hiyo huzuni ilikotoka. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF. Kanuni mpya zikaweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25, ilhali wanachama wa PSPF na LAPF walikuwa wamezoea asilimia 50. Malalamiko yakawa makubwa, na Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akazisitisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Mwaka 2024 bajeti ikapandisha kiwango hadi asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye kundi la asilimia 50. Muda wote huo mjadala wa taifa ulibebwa na neno moja: kikokotoo.

Chukueni vyenu mkokotoe nami. Tuseme mtumishi amechangia miezi 360, na kwa kurahisisha tuseme mshahara wa kukokotolea, kwa mwaka, ni shilingi milioni 12. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, tunagawanya miezi kwa 540, tunazidisha kwa mshahara huo, kisha kwa 15.5, na kuchukua nusu: mkupuo ni shilingi milioni 62. Kwa kanuni ya 2022, kigawanyo ni 580, kizidisho ni 12.5 na sehemu ni asilimia 33: mkupuo ni kama shilingi milioni 30.7. Pensheni ya kila mwezi, kwa upande wake, hupanda kutoka shilingi 333,333 hadi kama 415,862.

Mashine ni ileile, na vitufe ni vilevile. Kilichobadilika ni namba tatu, na namba hizo ziliwekwa na watu, kwenye vikao, kwa sababu zao. Huenda sababu hizo zinatetewa kwa hoja nzito, huenda hazitetewi, hilo lijadiliwe. Lakini tunaposema "kikokotoo kimetuumiza", sentensi yetu ina mtenda asiyeweza kuitwa kujieleza.

Najua nitajibiwa kwamba maana za maneno hupanuka, na kwamba ushairi huishi kwa upanuzi huo. Ni kweli. Mizani ilitoka kwenye uzito ikaingia kwenye silabi, na kiti kikawa mamlaka. Ila mizani ya shairi hutusaidia kuuona urari tusioweza kuushika. Kikokotoo cha mafao hutufichia mpangaji nyuma ya kifaa. Upanuzi wa kwanza ni wa kishairi. Huu wa pili unamfaa zaidi yule asiyetaka kutajwa.

Kwa hiyo ninaomba jambo dogo. Waandishi waseme kanuni ya mafao, kwa kuwa ni kanuni, nayo ina waliyoitunga na wanaoweza kuitungua. Washairi wenzangu, mkitunga kuwalilia wastaafu, na mtunge, walilieni kwa kuwataja wapangaji wa namba. Na kikokotoo tukiache kiitwe kikokotoo, ili mtoto wa mkulima wa pamba wa Itilima atakaponunuliwa cha kwanza, alipokee jina lake kwa furaha, na jioni amhakikishie baba yake hesabu ya mauzo.