Ukifika Dar es Salaam, Ingia Makumbusho



Watu wengi wa Nkololo wamefika Dar es Salaam. Mmoja alimpeleka mgonjwa Muhimbili. Mwingine alikwenda kumwona mtoto wake anayefanya kazi huko. Wakirudi, hutusimulia habari za bahari, za magari na za majumba marefu. Lakini ukiwauliza kama waliingia Makumbusho ya Taifa, wengi hujibu kuwa hawakuingia. Wanadhani nyumba ile ni ya watalii na watoto wa shule.

Mimi nasema wanakosea. Nyumba ile ni yetu. Iko Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Bustani ya Mimea. Ilifunguliwa mwaka 1940, wakati wa utawala wa Waingereza, ikapewa jina la mfalme wao. Baada ya Uhuru ikawa Makumbusho ya Taifa. Siku hizi makao makuu ya nchi ni Dodoma, lakini Makumbusho haya hayakuhama.

Mzee mmoja wa hapa kijijini aliniuliza, "Mwanangu, niende kutazama mifupa ya nini? Mifupa hata porini iko." Swali lake ni zuri. Nitalijibu.

Katika Makumbusho hayo linatunzwa fuvu la kichwa lililopatikana katika bonde la Oldupai, mkoa wa Arusha. Oldupai si nchi ya mbali. Toka Bariadi, vuka Hifadhi ya Serengeti kuelekea mashariki, utafika. Tarehe 17 Julai 1959 Bibi Mary Leakey alikuwa akitembea huko. Mumewe, Bwana Louis Leakey, alikuwa amelala kambini, ana homa. Bibi huyo aliona mfupa umejitokeza kidogo katika mteremko. Akapangusa udongo polepole. Akaona meno makubwa.

Hawakuling'oa fuvu lile kama mtu anayeng'oa muhogo. Walichimba kidogo kidogo, wakachekecha udongo. Walipata vipande karibu 400. Wakaviunganisha, kama wewe unavyoweza kuunganisha vigae vya chungu kilichovunjika. Kiumbe huyo wakamwita Zinjanthropus. Wataalamu wanasema si babu yetu hasa. Ni wa ukoo wa karibu na wetu, ukoo uliokwisha kutoweka.

Alikufa lini? Fuvu lenyewe halikusema. Kilichosema ni udongo. Katika tabaka lile kulikuwa na majivu ya mlima wa volkano. Wataalamu waliyapima majivu hayo, wakajua kuwa fuvu lina umri wa miaka 1,750,000 hivi. Sasa fikiri. Kama mchungaji mmoja angeliokota fuvu lile na kulipeleka sokoni, leo lingekuwa mfupa tu, kama ile aliyoitaja mzee wangu.

Mwaka 1978 zilionekana nyayo huko Laetoli, si mbali na Oldupai. Viumbe waliotembea kwa miguu miwili, kama sisi, walipita juu ya majivu yaliyoloweshwa na mvua, kama tunavyokanyaga tope la majaruba. Majivu yakakauka, yakawa magumu, yakafunikwa. Nyayo hizo zina umri wa miaka kama 3,600,000. Baada ya kuzipima na kuzichora, wataalamu walizifunika tena kwa udongo ili zisiharibike.

Kuna vitu vingine ambavyo huwezi kuviona Dar es Salaam hata ukilipa kiingilio mara kumi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, yaani wanyama wakubwa mno wa kale, huko Tendaguru, mkoa wa Lindi. Wapagazi wa Kiafrika waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika makumbusho ya mji wa Berlin. Urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Mjukuu wa mpagazi akitaka kuona mzigo aliobeba babu yake, hana budi kupanda ndege kwenda Ujerumani. Jambo hili huniuma.

Lakini tusiwalaumu Wajerumani peke yao. Sisi wenyewe tunafanya nini? Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi wa Usukumani walihama miji yao ya zamani. Mahame yale yamebaki. Yamejaa mawe ya kusagia, vigae na mavi ya chuma. Leo tunapitisha plau juu yake. Mtoto akiokota kitu, anakichezea mpaka kinavunjika. Akija mgeni mwenye fedha kidogo, tunamuuzia kigoda cha babu, wala hatumwulizi anakipeleka wapi.

Iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inamtaka mtu aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa wakuu. Najua watu wanaogopa. Wanasema, "Nikitoa taarifa, shamba langu litachukuliwa." Ndiyo maana nataka uende ukaone kwa macho yako jinsi vitu hivyo vinavyotunzwa. Ukiwa huko, soma maandishi yaliyo karibu na kila kitu. Wewe sasa unajua kusoma. Ukikuta maneno usiyoyaelewa, mwombe mfanyakazi wa pale akueleze kwa Kiswahili. Usione haya.

Simwambii mtu auze ng'ombe kwa ajili ya nauli. Kama huna safari ya Dar es Salaam, pengine unayo ya Mwanza. Njiani, hapo Kisesa, kuna Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Yalianzishwa na Padre David Clement pamoja na Wasukuma wenyewe. Huko kuna ngoma za watemi, na kuna nyumba iliyojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Shuka, tazama, kisha panda gari jingine.

Msimu uliopita, nikilima katika mahame ya babu yangu, plau iligonga chungu. Kimevunjika upande mmoja, upande wa pili bado uko ardhini. Nimekiacha pale pale. Nimepanda miti minne kukizunguka ili ng'ombe wasikikanyage, na nimemwarifu mwenyekiti wa kijiji. Mke wangu ananicheka kwa sababu mistari ya pamba inapinda mahali hapo.